Jiwe Ndani ya Koti la Mtoto

Wanangu mnaoanza kazi ya kliniki ya mama na mtoto, jambo la kwanza ni hili: mtoto akija kupimwa uzito, mvueni nguo zote. Zote. Hata kama upepo wa Hanang unapuliza na mama anakutazama kwa jicho baya. Funga mlango, mvue, mpime, mrudishie nguo zake. Mimi nilifundishwa hivyo chuoni, nikaandika kwenye daftari na kupiga mstari chini yake, halafu nikaenda kazini nikafanya nilivyotaka. Nitawaambia kilichonipata.

Mimi ni Paskalina. Kwetu ni Mbulu juu, upande wa Dongobesh, kwenye baridi na mashamba ya mteremko. Niliajiriwa uuguzi na ukunga miaka ile mitumba ilipoanza kuingia kwa wingi, nikapangiwa zahanati moja ya uwandani wilaya ya Hanang. Jina lake silitaji, maana makosa nitakayosimulia ni yangu, siyo ya zahanati. Wakati huo tulikuwa bado mkoa wa Arusha. Mkoa wa Manyara ulikuja baadaye, na hata ulipokuja, muhuri wetu uliendelea kusema Arusha kwa muda mrefu. Nilikuwa nagonga muhuri wa Arusha, halafu nakata kwa kalamu naandika Manyara juu yake. Wanawake wakawa wananiuliza, "Daktari, hivi mtoto wangu amezaliwa wapi hasa?" Kule kila mtu mwenye koti jeupe aliitwa daktari. Nilikataa mwezi wa kwanza, wa pili nikaacha kukataa.

Kliniki ilikuwa Jumatano. Mizani yetu ilikuwa ile ya kuning'inia, yenye uso kama wa saa, imefungwa kwenye boriti. Mtoto unamvalisha kaptula ya kitambaa yenye mikanda, unamtundika, naye anarusha miguu na kulia mpaka mshale unatetemeka, unasoma kwa kukisia. Chanjo zilikaa kwenye friji la mafuta ya taa ambalo utambi wake ulikuwa na hasira kuliko mtu yeyote niliyewahi kuishi naye. Ukiukata vibaya, moshi unajaa chumba na chanjo zinapata joto. Utambi niliufundishwa na Mama Neema.

Mama Neema alikuwa mhudumu wetu. Alifagia, alichemsha sindano enzi zile za kuchemsha, aliosha mashuka, na alitafsiri. Alizaliwa kwenye boma la Wabarbaig, akaolewa na Mwiraqw, kwa hiyo Kidatoga chake cha kwao na Kiiraqw chake cha ukweni vilikuwa sawa, na Kiswahili alijifunzia hapo hapo zahanati. Hakuwa na cheti hata kimoja. Nilipofika nilimwamkia "Shikamoo mama," akaitikia "Marahaba," halafu nikaanza kumtuma kama mtoto. Nasema hivyo kwa aibu. Alinivumilia.

Sasa nisikilizeni jinsi nilivyokuwa. Nilikuwa mkali. Nilidhani ukali ndiyo elimu. Mtoto akipungua uzito nilimsema mama yake mbele ya foleni nzima: "Unamlisha nini? Unalala mpaka saa ngapi? Mtoto wa mwenzio huyu hapa ananenepa, wewe una shida gani?" Na kadi za watoto za miezi ile zilikuwa nzuri ajabu. Mistari inapanda. Mganga wa wilaya alikuja kukagua, akatupongeza. Nilitembea wiki nzima kichwa juu.

Jumatano moja akaja Udagwenga. Alikuwa mama Mbarbaig wa boma lililokuwa kwenye njia ya Getanuwas, mrefu, na sketi yake ya ngozi yenye shanga, na mtoto wa kiume wa miezi minane mgongoni. Ni mtoto wake wa tatu, wawili wa kwanza wasichana. Mtoto alikuwa amevaa koti la mtumba, zito, lenye kofia na manyoya pembeni, koti la nchi zenye theluji. Lilikuwa jua la saa nne asubuhi. Nikaona uvivu kumvua, nikasema tundika tu. Mshale ukasema kilo sita na nusu. Nikaandika. Nikamwambia Mama Neema amshushe.

Alipomshusha, kitu kikachomoka kwenye kofia ya koti, kikapiga sakafu ya saruji. Kilikuwa jiwe la magadi, kama ngumi mbili, limefungwa kitambaa.

Hapo ningeweza kunyamaza. Ningeweza kufunga mlango. Badala yake nililiinua lile jiwe juu, nikawaonyesha wanawake wote waliokaa kwenye mabenchi.

"Jamani, njooni muone," nikasema. "Huyu anataka tumpimie jiwe! Jiwe nalo tuliandikie kadi? Tulichanje surua?"

Watu walicheka sana. Mimi nilicheka kuliko wote. Udagwenga alimchukua mtoto kutoka mikononi mwa Mama Neema, akamfunga mgongoni bila haraka, akatoka. Kadi aliiacha mezani.

Mama Neema hakucheka. Mchana tulipokuwa tunaosha vyombo, aliniambia bila kunitazama, "Nesi, leo umemfukuza mtoto."

"Nimemfukuza nani? Yeye ndiye aliyenidanganya."

"Mama amekudanganya, sawa. Mtoto alikudanganya nini? Kadi yake iko hapa. Yeye ameondoka na njaa yake."

Nilimjibu vibaya, sitarudia hapa. Lakini niliporudi mezani nilipima lile jiwe. Lilikuwa kilo moja na kidogo. Nikatoa kwenye sita na nusu. Mtoto wa miezi minane alikuwa na uzito wa mtoto wa miezi miwili. Na kadi yake ilionyesha miezi miwili ya nyuma pia alikuwa anapanda vizuri. Nikajua jiwe lilikuwa ndani ya lile koti siku nyingi. Halafu nikaanza kujiuliza kuhusu zile kadi nyingine nzuri, zile alizozisifia mganga wa wilaya. Ni watoto wangapi walikuwa wamebeba mawe kwa sababu mama zao waliogopa mdomo wangu?

Jumatano iliyofuata Udagwenga hakuja. Iliyofuata pia. Nilikuwa nachungulia dirishani huku najifanya nachungulia mawingu. Ijumaa ya wiki ya pili Mama Neema akaniambia, "Mimi kesho asubuhi naenda kwake. Ukitaka twende."

Tuliondoka jua linachomoza. Ni mwendo wa saa tatu kwa miguu. Mlima ulikuwa nyuma yetu, mbele vumbi jeupe linapeperuka kutoka ziwani Balangida. Njiani nilitunga hotuba. Nilikuwa na maneno mazuri ya lishe, makundi ya vyakula na kila kitu. Tulipofika kwenye mlango wa miiba wa boma, alikuwa amesimama mama mkwe wa Udagwenga, bibi mwembamba mwenye fimbo. Nikamwamkia shikamoo. Aliitikia, halafu akasema kitu kwa Kidatoga. Mama Neema akakohoa kidogo.

"Anasema, umekuja kufuata jiwe lako?"

Hotuba yote ikapotea. Nilisimama pale na mkoba wangu wa dawa, jua linanipiga, nikaona sina neno hata moja isipokuwa lile ambalo sikuwa nimelipanga.

"Mwambie sikuja na mizani," nikasema. "Nimekuja kumwomba msamaha mkwe wake."

Bibi akanitazama kutoka viatuni mpaka kichwani. Akauliza mara mbili kama tafsiri ni sahihi. Daktari anaomba msamaha? Akasogeza miiba.

Ndani ya nyumba kulikuwa na giza baada ya jua la nje. Udagwenga alikaa kwenye ngozi, mtoto amelala mapajani mwake. Alimshika kama mtu anayemshikia mwenzake mzigo kituoni. Mtoto hakuwa analia. Ninyi mmesoma, mnajua mtoto mwenye njaa asiyelia maana yake nini.

Nikaketi chini. Nikasema, "Nilikucheka mbele ya watu. Nilikosea. Nisamehe."

Akaanza kusema, taratibu, na Mama Neema anatafsiri nyuma yake. Alisema huyu alimzaa kwa shida, siku mbili, damu nyingi. Mume alikuwa ameswaga ng'ombe kwenda mbali upande wa Singida kutafuta malisho, kwa sababu uwanda waliozoea kulisha ulikuwa umekuwa mashamba ya ngano. Maziwa yake ya kifuani yalikuja kidogo, yakaisha. Hayo nilitegemea kuyasikia. Lakini aliendelea.

"Kila anayekuja anasema, umepata mtoto wa kiume, furahi. Mimi namtazama na sisikii kitu. Nasikia kama nimeachiwa mtoto wa mtu nimtunzie, na mwenyewe hajarudi. Wale wasichana nilipowazaa sikuwa hivi. Nikaja kwako uniambie nina nini. Ukamtazama mtoto, ukatazama mshale. Mimi hukunitazama. Nikajua nikisema, utanisema kama unavyowasema wengine. Basi nikaweka jiwe ili uninyamazie."

Wanangu, maneno yale, kwamba nimeachiwa mtoto wa mtu, niliyajua. Nilikuwa nayo mimi mwenyewe miaka minne, na sikuwahi kuyatoa mdomoni.

Mwanangu wa kwanza, Agnesi, nilimzaa nikiwa nimemaliza chuo tu. Mume wangu, mwalimu, alikuwa amehamishiwa Kiteto. Nilirudi kwa mama yangu Dongobesh. Nilikuwa naijua mimba kwa majina yake yote ya kitabuni. Mtoto alizaliwa salama, mzuri, kila mtu anaimba. Mimi nilimtazama nikaona ni mtoto mzuri wa mtu fulani. Nilimnyonyesha kwa saa, kama dawa. Mama yangu ndiye aliyembeba, aliyemwimbia, aliyemwogesha. Mimi nilikuwa natoka nyuma ya nyumba kulia kwenye mahindi, narudi nimefuta uso. Karibu miezi miwili. Nilijiambia kwamba mkunga asiyempenda mwanawe ni kama mpishi mwenye sumu, hafai kujulikana. Nadhani ukali wangu wote ulitoka pale. Nilikuwa nawagombeza akina mama wote ili mtu asije akanigombeza mimi.

Nikamwambia Mama Neema, "Mwambie, na mimi ilinipata. Kwa mtoto wangu wa kwanza. Nilimtazama kama mtoto wa mtu."

Mama Neema aligeuka akanitazama. Tulikuwa tumefanya kazi pamoja miaka miwili, amembeba Agnesi wangu mgongoni mara ngapi sijui.

"Hilo nilitafsiri kama lilivyo?" akauliza.

"Litafsiri kama lilivyo."

Akatafsiri. Udagwenga aliinua uso, kwa mara ya kwanza akanitazama machoni. Akauliza neno moja tu. "Ikaisha?"

"Iliisha," nikasema. "Ilichukua muda, lakini iliisha. Nampenda mpaka naona uchungu."

Akaanza kulia. Nami nikalia, koti jeupe na kila kitu. Mama Neema akawa anafuta pua kwa khanga. Ndipo bibi mwenye fimbo, aliyekuwa amekaa mlangoni muda wote, akasema kitu, na Udagwenga akaacha kulia ghafla akashika mdomo.

"Bibi anasema," Mama Neema akaanza, akashindwa, akaanza tena, "anasema na yeye ilimpata, kwa mtoto wake wa nne. Siku moja alitaka kumwacha kisimani arudi na maji peke yake. Anasema mtoto huyo ndiye mume wa Udagwenga."

Tulicheka mpaka mbuzi wakatoka nje. Bibi akaongeza kwamba kuna siku nyingine mpaka leo anafikiri angemwacha tu.

Kicheko hakikumlisha mtoto. Nilimpima kwa macho na mikono, nikaona hali yake inazidi uwezo wangu. Nikasema lazima hospitali, leo. Bibi ndiye aliyeamua. Alisema yeye atabaki na wasichana, mkwe aende. Tulitembea mpaka barabarani, tukapata lori la mahindi, dereva akatupakia mbele wanawake watatu na mtoto. Walilazwa wiki tatu. Wauguzi wa kule walimpa mtoto maziwa kidogo kidogo kwa kikombe, usiku na mchana, na mmoja wao, ambaye namwombea baraka mpaka leo, alimwambia Udagwenga kila asubuhi, "Na wewe mama umekula? Umelala?" Mama Neema alienda kuwaona mara mbili. Mara ya pili alirudi na salamu: "Udagwenga anasema nikwambie mtoto amemchekea. Na anasema na yeye alimchekea."

Nilikuwa nakata utambi wa friji. Nikaukata vibaya, moshi ukajaa, na hakuna aliyenilaumu.

Jumatano aliyorudi kliniki sitaisahau. Foleni ilikuwa imejaa, na wengi ni wale wale waliocheka. Udagwenga aliingia, akamweka mtoto mezani, akamvua nguo moja moja mpaka akabaki uchi kabisa, akamwinua juu kwa mikono miwili, akamgeuza mbele na nyuma kama mtu anayeuza kuku mnadani. Akasema kwa Kiswahili chake: "Tazama wote. Jiwe hakuna."

Mtoto akakojoa. Akalowesha benchi zima la mbele. Kicheko cha siku ile kilikuwa cha namna nyingine.

Halafu, kabla sijamtundika kwenye mizani, nikawaambia wanawake wote nilichomwambia yeye bomani. Udagwenga naye akasema yake. Wanawake wakatazama chini. Nikafikiri nimeharibu kazi yangu. Ndipo mama mmoja wa Dirma, mke wa mwinjilisti, mtu wa heshima sana, akasema, "Mimi wangu nilikuwa naomba alale asiamke mapema, halafu naomba Mungu anisamehe kwa ombi hilo." Mwingine akasema ana watoto sita na hakuna siku amekula chakula cha moto. Mwingine akasema yeye furaha yake ni kunusa utosi wa mtoto akitoka kuoga, hata akiwa amechoka hoi, ananusa anapata nguvu ya kuchota maji tena. Wote wakaitikia huo utosi. Kila mmoja alikuwa anaujua. Tulianza kupima saa sita mchana badala ya saa tatu.

Tangu siku hiyo Jumatano zetu zilianza hivyo. Mabenchi niliyageuza yakatazamana. Kupima nikapima chumbani, mlango umefungwa, mama na mtoto wake. Na swali la kwanza likawa la mama: umelalaje, umekula nini, nani anakusaidia. Mwezi wa kwanza kadi zangu zilianguka vibaya, mistari inashuka kama imekatwa. Mganga wa wilaya akanijia juu. Nikamwambia ukweli, kwamba sasa hivi ndiyo tunapima watoto. Aliguna, akanywa chai, akaniachia. Mwenyekiti wa kijiji naye alikuja kuuliza wanawake wanacheka nini zahanati tangu asubuhi. Mama Neema akamwambia, "Wanakucheka wewe, mzee, nenda nyumbani." Akaenda.

Miaka mingi baadaye, tukiwa tayari Manyara, tuliitwa Babati kwenye semina. Mwezeshaji kijana akaandika ubaoni "sonona baada ya kujifungua," akauliza nani amewahi kukutana nayo. Nikanyoosha mkono. Akasema, "Mama, tueleze ulimwona mgonjwa wa namna gani." Nikasimama nikaeleza, nikaanzia kwangu mwenyewe. Ninyi sasa mna jina lake na mna maswali yake kwenye karatasi. Nashukuru. Lakini karatasi hiyo msiisome haraka haraka kama tangazo la mnada. Mama atawajibu "hakuna shida" kwa maswali yote kumi, aondoke. Wekeni kalamu chini kwanza.

Mama Neema ameshatangulia mbele ya haki. Sikuwahi kumshukuru inavyotosha, ndiyo maana namtaja kila ninapopewa nafasi ya kusema. Alinifundisha utambi, na alinifundisha kutembea saa tatu kwenda kuomba msamaha.

Kulikuwa na mtu mmoja tu ambaye sikuwa nimemwambia, naye ni Agnesi mwenyewe. Nilikuwa nimewaambia mamia ya wanawake kwenye mabenchi, lakini mwanangu hapana. Niliogopa. Utamwambiaje mtoto wako kwamba kulikuwa na siku ulimtazama ukaona wa mtu?

Mwaka niliostaafu, Agnesi alijifungua. Anafundisha sekondari Katesh. Nilienda kukaa naye. Nyumba safi, mume mwema, mtoto ana afya, na mwanangu anatabasamu kwa kila mgeni. Siku ya tano nikagundua kwamba mtoto anamwita "huyu." Huyu amenyonya. Huyu amelowa. Mumewe alipokwenda kazini asubuhi, nilifunga mlango, nikakaa karibu naye kitandani, nikamwambia yote. Mahindi ya Dongobesh, machozi, ile miezi miwili. Sikuficha kitu.

Alitazama ukuta. Nikafikiri nimempoteza.

"Halafu ikawaje?" akauliza.

"Siku moja nilikuwa nakuogesha, maana bibi yako alikuwa shambani. Ukapiga chafya kubwa, ukanirushia maji yote ya beseni usoni, ukashtuka wewe mwenyewe. Nikacheka. Nikakutazama, nikakuta ni wewe."

"Chafya tu?"

"Chafya tu. Na siku nyingi nyuma yake."

Akanigeukia. "Mama, nilidhani ni mimi peke yangu duniani. Nilidhani nitakuaibisha. Wewe ni mkunga."

"Nipe mtoto," nikamwambia. "Lala."

Akanipa. Alilala na khanga usoni, kama jiwe lililotupwa kisimani, kutoka saa tatu asubuhi mpaka saa nane mchana. Nilimtembeza mjukuu wangu uani, nikamwonyesha mlima, nikamnusa utosi mpaka nikaridhika. Nilimshukuru Mungu kwa mambo mengi sana mchana ule, mengine yana majina ya watu mliowasikia hapa.

Nilipoingia ndani kumbadilisha nguo, Agnesi alikuwa anageuka kitandani. Kabla hajafungua macho vizuri alinyoosha mkono, akapapasa pale pembeni alipozoea kumlaza, akapakuta patupu. Akaketi ghafla.

"Mama! Mwanangu yuko wapi?"